Fisi Aliyebaki Ndani ya Treni

Watu wakisikia neno mnyapara wanaona bakora na mdomo mchafu. Sikatai, wapo niliowafanyia kazi wa namna hiyo, na mmoja wao Mungu amlaze anapostahili. Mageni Bujiku hakuwa hivyo. Alikuwa mfupi, miguu matege, na kofia yake ya kazi ilimfika kwenye nyusi, hata akitaka kukutazama ilimbidi anyanyue kidevu. Mtaimbo aliushika kwa shida. Lakini katika gengi letu la reli, kati ya Shinyanga na Seke, hakuna mwenye nguvu aliyethubutu kumdharau. Mageni alituchekesha, na mtu anayekuchekesha saa saba mchana, chuma kikiwa cha moto hata hukigusi kwa mkono mtupu, huyo utamfuata popote.

Ujanani, kwao upande wa Kharumwa, alikuwa nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wanaolima mashamba ya watu kwa zamu. Huko alijifunza kwamba jembe la watu wengi haliendeshwi kwa amri. Linaendeshwa kwa wimbo, na wimbo ukichosha, kwa hadithi. Alipoajiriwa relini hakuja na elimu nyingine zaidi ya hiyo. Mimi nilimkuta pale mwaka sitini na nne, nikakaa kwenye gengi lile mpaka goti liliponikatalia, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona.

Kazi yetu ilikuwa kuitengeneza njia. Mvua ikinyesha, kokoto hukimbia, reli huzama, nanyi mnapanga mstari, kila mtu na mtaimbo wake chini ya chuma, mnanyanyua kwa pamoja ili wengine washindilie kokoto chini ya mataruma, yale magogo yanayoibeba reli. Neno kubwa hapo ni pamoja. Ukitangulia, uzito wote ni wako. Ukichelewa, mtaimbo unaweza kukurukia usoni. Kwenye magengi mengine mnyapara alihesabu moja, mbili, tatu, na wakainua kwa kuhesabiwa kama wafungwa.

Mwaka sitini na saba gengi letu lilikuwa limepasuka katikati. Mgodi wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka uliotangulia, na baadhi ya vijana waliokosa kazi kule walikuja kuajiriwa kwetu. Walikuja na kiburi cha watu waliokwisha kuiona dhahabu. Sisi tuliowatangulia tuliwaambia dhahabu yenyewe iliwakimbia kwa uvivu wao. Maneno yakazaa maneno. Mchana tulipika vyungu viwili kwenye mioto miwili, na kwenye kazi kila upande uliinua ulipojisikia. Njia tuliyoinyoosha asubuhi, mkaguzi akipita jioni na kiberenge, kigari chake cha relini, aliikuta imelegea.

Mkali wao alikuwa Otmar, Msumbwa wa Ushirombo, kijana mrefu, mwenye mabega ya fahali na sura ya mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa hasalimii. Asubuhi moja Mageni alimfuata pale alipokuwa amesimama na sururu begani, akavua kofia, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, guku," akasema.

Guku ni babu. Tukaweka zana chini wote. Mnyapara, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, anamwamkia kijana ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zinaota.

"Si umetoka chini ya ardhi?" Mageni akaendelea. "Huko ndiko waliko mababu. Baba yangu umemwacha hajambo?"

Nilimwona Otmar akiikaza sururu, nikajisogeza pembeni, maana mimi si shujaa. Akamtazama Mageni kutoka juu mpaka chini, safari ambayo haikuwa ndefu.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Baba yako hajambo. Ila anauliza mbona hujakua."

Mageni alicheka mpaka akakaa juu ya reli. Sisi nasi tukapasuka, wa Geita na wa hapa, na ukishacheka na mtu ni vigumu kumnunia tena mchana ule ule. Saa ya chakula Otmar alibeba chungu chao akaja kukitua kwenye moto wetu. Wenzake wakamfuata, na moto wa pili haukuwashwa tena kwa miaka mingi.

Kwetu babu na mjukuu ni watu wa kutaniana. Mjukuu atamwita babu mchawi, babu atamwita mjukuu mwizi wa mboga, na hakuna baraza litakalokaa kwa ajili hiyo. Basi wale wawili wakalichukua jambo hilo wakalivaa. Otmar, mdogo kwa umri, akawa babu, na Mageni akawa mjukuu, na wakala bakuli moja kila siku wakitukanana kwa mapenzi.

Katika utani huo ndimo alimozaliwa Fisi. Mageni alianza kutusimulia habari za Fisi aliyechoka kula mifupa, akaamua kupanda treni kwenda Mwanza kula samaki. Amevaa kanzu ili kuficha mgongo, amejifanya mchuuzi wa mbuzi. Mageni alikuwa kila mtu anayekutana na Fisi njiani, naye aliuliza. Otmar alikuwa Fisi, naye alijibu. Na hapo hapo kwenye jibu, sisi tulipiga "Eee!" na kuinua.

"Mzee, mbona miguu yako ya nyuma ni mifupi?"

"Nilikopesha kipande, sijarudishiwa."

"Eee!" na reli inapanda.

"Mzee, mbona unanuka hivyo?"

"Nimetoka msibani, nilikaa karibu sana na marehemu."

"Eee!"

Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyechelewa, kwa sababu kila mtu alikuwa ametega sikio kwa jibu lile. Mageni hakujua Otmar atajibu nini, wala Otmar hakujua ataulizwa nini. Mmoja peke yake hakuwa na hadithi. Hilo tulilijua baadaye, na tulilijua kwa uchungu.

Wala haikuwa kuchekeshana tu. Athanas, mwenzetu mmoja, alikuwa na tabia ya kulala kivulini kazi ikiwa imepamba moto. Mageni hakumfokea. Siku ile Fisi naye alilala kwenye kivuli cha stesheni, treni ikamwacha, akaikimbiza mpaka kanzu ikamvuka. Athanas ndiye aliyecheka kuliko wote, na tangu hapo alikuwa wa kwanza kuamka. Mageni alitania tabia. Umbo la mtu hakuligusa, labda lake mwenyewe, na nyumba ya mtu hakuitia mdomoni. Mkaguzi aliwahi kuleta wanyapara wengine waje wajifunze kwetu. Walisimama pale, wakaona wanaume wanacheka, wakarudi makwao kuhesabu moja, mbili, tatu.

Tuliishi hivyo mpaka binti wa Mageni, Scolastika, aliporudi kutoka kwa shangazi yake Geita, mwanamke kamili, mwenye maneno yake. Jumamosi alimletea baba yake kazini michembe ya viazi vilivyokaushwa na maziwa ya mgando. Otmar kwa ile haki yake ya ubabu akaanza kupiga kelele akimwona kwa mbali: "Mke wangu anakuja! Mjukuu, sogea, mpishe bibi yako!"

"Mume gani huyu," Scola alijibu, "meno yenyewe yameshatangulia kaburini."

Tulicheka. Mageni naye alicheka, machozi yakamtoka. Hata hivyo ilifika Jumamosi moja Scola akaja na kapu lake, na Otmar hakumwita mke wangu. Alisema tu, "Habari za nyumbani," akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Hapo mimi nikajua kwamba utani umekwisha na jambo limeanza.

Otmar alinituma mimi kuwa mshenga. Nilikwenda jioni nyumbani kwa Mageni, nikaketi kwenye kigoda, nikalizunguka neno kama inavyopasa, mpaka nikalitua. Mageni alikuwa akila. Akasukuma sahani pembeni.

Mkewe, Mama Scola, ndiye aliyesema kwanza. "Baba Scola, kijana ni mwema, sina neno juu yake. Lakini wewe unajua mkwe hataniwi. Ukipokea ng'ombe wake, yule babu yako amekufa. Utacheka na nani?"

"Tulikuwa tunaigiza tu," Mageni akasema.

"Ubabu ulikuwa wa kuigiza. Ukwe hauigizwi."

Nilimwona akiligeuza jambo lile huku na huku, naye hakuwa mtu wa kuficha uso. Alimpenda binti yake. Na alimpenda Otmar, naweza kulisema waziwazi, kwa namna ambayo wanaume wa kwetu hawaisemi. Kwa vyovyote angepoteza.

"Sasa nimnyime mtoto wangu mume mwema," akasema mwisho, "eti kwa sababu mume huyo ananichekesha? Nitakuwa baba wa namna gani?" Akanigeukia mimi. "Januari, waambie walete ng'ombe."

Ng'ombe walipangwa kuja Jumamosi. Ijumaa yake tulikuwa kazini, na Fisi, baada ya vituko vya miaka yote ile, hatimaye alikuwa ndani ya treni, amekaa dirishani, Shinyanga iko nyuma yake. Tukatia mitaimbo chini ya reli. Mageni akakaza sauti, akawa mkagua tiketi.

"Mzee, tiketi yako iko wapi?"

Otmar alifumbua kinywa. Nilimwona mashavu yakimcheza, maana jibu lilikuwa tamu likamtekenya mwenyewe kabla hajalitoa. Mara honi ya kiberenge cha mkaguzi ikalia kutoka kwenye kona, tukalazimika kuondoa vyombo njiani mbio. Mkaguzi alikaa nasi mpaka saa ya kufunga kazi, akitupimia njia.

"Jibu ninalo, mjukuu," Otmar akasema tulipokuwa tunakusanya zana. "Utalipata Jumatatu."

"Ole wako lisinichekeshe," Mageni akamjibu.

Sijui kama walisahau ng'ombe wa kesho yake au kila mmoja alijitia kusahau. Jumamosi ng'ombe waliletwa, wakatazamwa, wakapokelewa, na pombe ikanywewa. Otmar aliketishwa nyuma ya nguzo, mbali na macho ya baba mkwe, kama desturi inavyotaka. Padri alifungisha ndoa wiki chache baadaye, lakini kwetu sisi jambo lilikuwa limekwisha Jumamosi ile.

Jumatatu asubuhi tulipanga mstari. Mageni alisimama mahali pake, akavuta kofia nyuma. Nadhani alitaka kujaribu, au alitumaini. Akasema, na sauti haikuwa imara sana:

"Mzee, tiketi yako iko wapi?"

Tukasubiri. Otmar aliacha mtaimbo wake, akavua kofia, akaitazama ardhi.

"Sijui, baba," akasema.

Baadhi yetu tuliinua, baadhi hatukuinua. Reli ilipanda upande mmoja, ikarudi chini. Mageni akageuka akawa anatazama upande wa Seke, kana kwamba kuna treni inakuja.

Kuanzia siku hiyo Otmar akimwona Mageni anakuja kwa miguu juu ya tuta la reli, aliteremka mpaka kwenye nyasi akampisha. Hakula mbele yake. Alichukua chakula chake akaenda nyuma ya kibanda cha zana, na kwa kuwa vijana wa Geita walimpenda, wakamfuata huko na chungu chao. Moto wa pili ukawaka tena. Hakuna aliyegombana na mwenzake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Safari ya kwanza tuligawanywa na chuki. Hii ya pili tuligawanywa na heshima, na heshima huwezi kuikemea.

Mageni alijaribu kumweka Athanas kwenye nafasi ya Fisi. Maskini Athanas, alijiandaa usiku kucha.

"Mzee, tiketi yako iko wapi?"

"Iko mfukoni," Athanas akasema.

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa. Mageni hakumrudia Fisi tena. Akaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, naye hakujua kuhesabu, namaanisha kuhesabu kwa mnyapara. Sauti yake ilikuwa ya kuuliza.

Nilikasirika, na hasira ile haijaniisha. Nilikwenda kwa Mageni nikamwambia, "Mzee, kazini muwe babu na mjukuu, nyumbani muwe wakwe. Nani atawakamata?" Akanijibu kwa upole kwamba mila si koti, ulivue ukifika kazini na kulivaa ukirudi. Nikamwendea Otmar. Naye akasema, "Nimtukane baba yake mchana, usiku nimtazameje Scola?" Nikawaona wote wawili wana haki, nami nikabaki na hasira yangu isiyo na pa kuitua.

Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa. Siku moja tulikuwa tunanyanyua mahali palipozama vibaya, Mageni akahesabu, na kwenye mbili watu wa upande wa pili wakainua. Reli iliwaelemea, wakaiachia, na mtaimbo wa Athanas ukateleza ukamwangukia mguuni. Alipoteza vidole. Athanas mwenyewe hakumlaumu mtu yeyote, alikuwa na moyo huo. Lakini Mageni alikaa kando ya majeruhi yule akiwa ameshika kile kiatu kilichopasuka, wala hakutaka kukitoa mkononi. Mwezi uliofuata aliomba mwenyewe kuondolewa kwenye gengi. Wakampeleka mjini Shinyanga kuwa mlinzi wa kivuko cha reli, kazi ya kufungua na kufunga mti barabarani.

Otmar akafanywa mnyapara. Alihesabu vizuri, sauti nene, na njia ilinyooka. Tulifanya kazi, tukapokea mshahara, tukarudi nyumbani. Wakati mwingine mtu angesema, "Hivi Fisi aliishia wapi?" na sisi tungeinama kuokota mitaimbo yetu.

Nilipokwenda mjini nilimpitia Mageni kwenye kibanda chake. Alikuwa na mazungumzo, lakini yalikuwa ya mvua na bei ya mtama. Mara moja nilimkuta amekaa na mjukuu wake, Anisia, mtoto wa Scola, na mtoto yule alikuwa akimwita babu yake kinyonga kwa jinsi anavyotembea. Mageni alikuwa anacheka. Nilisimama kidogo mbali kuusikia mcheko ule, kisha nikajitokeza. Sikulifikiria zaidi.

Mwaka themanini na tatu aliugua kifua, akalala. Scola alihamia kwake mjini kumuuguza mzee wake, na Anisia, ambaye sasa alikuwa ameanza shule, ndiye aliyekwenda na kurudi kati ya nyumba ile na kwa baba yake kwenye kambi ya gengi, akipanda treni ya abiria na kikapu cha uji wa ulezi na salamu. Nilikwenda kumtazama Mageni. Alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Januari," akaniambia, "miaka yote hii Fisi yuko ndani ya treni. Nalala, naamka, bado ameketi dirishani, na mkagua tiketi amesimama mbele yake. Alijibu nini?"

"Sijui, mzee."

"Kaniulizie. Usiseme nimekutuma. Ng'hana, kweli kabisa, nataka kucheka."

Nikaenda. Otmar alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukawa kama siku ile ya kwanza, wa mtu aliyedhulumiwa.

"Jibu ninalo," akasema. "Sijalisahau hata siku moja. Lakini nimtumie baba mkwe wangu mzaha akiwa kitandani? Akifa nalo sikioni, watu watasema nini? Yeye mwenyewe moyoni atasema nini?"

"Ameliomba."

"Ameliomba mjukuu wangu. Mimi sina mjukuu tena pale, nina mkwe." Akasugua uso. "Niache nifikiri, Januari."

Alifikiri. Mageni akafa Alhamisi, naye bado anafikiri.

Kwenye mazishi Otmar alisimama mbali, kama mkwe anavyosimama. Sisi wa gengi tulishika makoleo tukafukia, na kila mtu alifukia kivyake, bila mpangilio. Athanas, na mguu wake ule, alikataa kupokewa koleo.

Matanga yalipokwisha nilikaa na Otmar uani. Scola alikuwa ndani na mama yake. Anisia alikuwa karibu yetu akiosha vyombo vya msiba. Sikumwuliza Otmar kitu. Alisema mwenyewe, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Mkagua tiketi akauliza, mzee, tiketi yako iko wapi. Fisi akajibu: iko tumboni. Aliyeikata nimemla pale Shinyanga, na alikuwa nayo mfukoni."

Alinitazama. Nilitaka kucheka kwa ajili yake, sikuweza. Lilikuwa jibu zuri, lakini lilikuwa limekaa sana.

Nyuma yetu bakuli likaanguka. Anisia alikuwa amejishika tumbo, anacheka, anacheka mpaka maji ya vyombo yakamwagika miguuni mwake. Alicheka kama Mageni, kwa kukaa chini.

"Baba," akasema alipopata pumzi, "mbona hukuniambia mimi? Kila siku nilikuwa naenda kwa babu. Ningempelekea."

Otmar alivua kofia, akaitazama ardhi.